Majira ya Baridi ya Bwana Koti

Mimi ni mtunzi, na najua watu wa Kisangani wanavyosema juu ya watunzi: kinywa chao ni kama mto baada ya mvua, hubeba kila kitu. Sawa. Nimebuni mengi, na nikijaliwa nitabuni mengine. Lakini hili sikulibuni. Lilitokea katika nyumba yenye veranda pana, ng'ambo ya kulia ya mto, na mtu aliyelisababisha yu hai mpaka leo. Anakula samaki wake vizuri, na ukimwamkia barabarani atakuitikia kwa sauti nene ya mkubwa. Ukisikia namtaja kwa dharau usiniombe niipunguze. Ngoja usikie kwanza.

Unaijua baridi? Sisemi ile ya alfajiri ya mvua, inayomfanya mama avute kitenge mabegani. Nasema baridi ya kuua, baridi inayogeuza maji kuwa jiwe. Sisi tunaisoma vitabuni. Ikweta inapita kusini kidogo ya mji wetu kama kamba ya kuanikia nguo, na jua hutundikwa hapo mwaka mzima. Basi niambie wewe mwenye akili, baridi hiyo iliingiaje katika garaji ya Kisangani?

Iliingia kwa sababu ya gari.

Lilikuwa gari la Kiamerika, refu, rangi ya maziwa, viti vya ngozi nyekundu, na paa la turubai lililokunjwa nyuma kama bawa la popo. Mwenyewe alikuwa Mbelgiji mnunuzi wa kahawa, aliyekaa kwetu hata Kiswahili chake kikawa kizuri kuliko moyo wake. Watu walimwita Bwana Koti. Kwa nini? Kwa sababu kila ilipokaribia Noeli, jua likiwaka na mbwa wakihema vivulini, yeye alivaa koti la sufu lililofika magotini na kuanza kulilaza gari lake kwa ajili ya majira ya baridi. Niamini. Alifungua vizibo na kutoa maji yote katika rejeta na katika injini, yasije yakaganda na kupasua chuma. Alitoa betri akaipeleka chumbani mwake. Alilinyanyua gari kwa jeki akaliweka juu ya magogo, akaziba bomba la moshi kwa matambara, akalifunika mablanketi kama mgonjwa. Ilipofika Aprili, wakati maua ya kwao yanachanua na mvua za kwetu zinapiga mabati kwa ngumi, ndipo alipolitoa, akakunja paa, akaendesha mjini huku akilowa.

Mtu yeyote wa hapa angemwambia afanye kinyume. Januari kwetu mvua hupumzika kidogo. Kama kuna majuma yaliyoumbwa kwa gari lisilo na paa, ndiyo hayo. Walimwambia. Alijibu kwamba gari lina desturi zake. Wazungu wengine huja Afrika wakaiona Afrika. Huyu alikuja akaishi ndani ya kalenda ya mama yake. Akafa mwezi huohuo wa Januari, na koti mwilini, akazikwa nalo.

Muda si mrefu baadaye ikaja miaka ile ambapo mali za wageni zilichukuliwa mikononi mwao zikapewa raia. Nyumba ya Bwana Koti, duka lake na gari lake vikamwangukia Citoyen Litoko, yaani Raia Litoko.

Nimwelezeje Citoyen Litoko bila kutema mate? Alikuwa karani. Sifa yake ilikuwa moja: kwenye mikutano ya Chama alipaza sauti kuliko wote. Alipiga kelele mpaka akapewa mali. Duka aliliuza kuanzia rafu ya juu hadi ya chini, hakuagiza hata sindano moja ya kujaza pengo, kisha akashangaa kuona rafu tupu. Gari alilibakiza, kwa sababu ndani ya gari lisilo na paa mji mzima ungeiona abakosti yake mpya, ile suti ya Chama isiyovaliwa tai. Kuendesha hakujua. Ndipo akamwajiri mjomba wangu, Tonton Saidi.

Tonton alikuwa ndugu ya mama, mtu wa mtaa wa Kabondo, wa zile familia za Kiislamu zilizofika mjini tangu enzi za misafara. Mtaratibu, mpole hadi kuudhi. Wakati huo mimi nilikuwa mwanafunzi chuoni na nililala kwake. Yeye alipanga mambo kama mtu mwenye macho: miezi ya mvua gari likae ndani, turubai lipakwe mafuta lisiote ukungu, miezi mikavu litoke litembee. Nani angepinga?

Alikuwapo wa kupinga. Karibu na Noeli Tonton alifungua garaji asubuhi akakuta gari liko juu ya magogo, magurudumu yananing'inia, halina tone la maji, betri haipo. Betri aliikuta chumbani, chini ya kitanda cha Citoyen mwenyewe. Citoyen akamwita mlevi, Tonton ambaye hata mvinyo wa mnazi hakuujua harufu yake. Tonton akarudisha kila kitu. Kesho yake akakuta tena vilevile. Ufunguo wa garaji ulikuwa mmoja, na ulilala mfukoni mwa Tonton.

Hapo ndipo habari ilipokuja kwamba mkubwa wa Chama anatoka Kinshasa kutembelea mji. Citoyen Litoko alikwenda mbio kwa wakubwa kulitoa gari lake litumike: mgeni atasimama ndani yake toka uwanja wa ndege mpaka mjini, watu wakiimba pande zote mbili. Akarudi, akamnyooshea Tonton kidole.

"Saidi, ile gari isipowaka siku hiyo, nitasema ni sabotage. Unajua sabotage inalala wapi?"

Tonton alijua. Wote tulijua. Siku zile neno hilo la hujuma lilikuwa na mlango wa chuma, na wengine walioingia humo mama zao wanawasubiri hadi leo.

Basi jioni ya kuamkia siku ya mgeni, Tonton alisema atakaa garajini alilinde gari. Baada ya swala ya magharibi nikampelekea wali na pondu, mboga ya majani ya muhogo. Nilimkuta ameketi kwenye kigogo, balbu moja inawaka kwa unyonge juu yake. Gari lilikuwa tayari, limejazwa maji, limeng'arishwa mpaka ungeweza kunyolea ndevu mbele yake. Tulianza kula. Nikamwona Tonton akisema jambo, na maneno yake yakatoka kinywani pamoja na moshi.

"Tonton, umeanza kuvuta?"

"Na weye," akasema. "Angalia yako."

Nikapumua. Wingu dogo jeupe. Wali ulikuwa umekwisha kuwa mgumu kwenye sahani.

Kisha tukamwona mtu. Hakuingia kwa mlango. Alikuwa amechuchumaa mbele ya gari, mgongo kwetu, koti la sufu limeburuta sakafuni, anapapasa chini ya rejeta kama mama anayepapasa tumbo la mtoto mwenye homa. Bila kugeuka akasema:

"Boyi. Leta ndoo."

Na Tonton Saidi, mtu mzima, baba wa watoto, imamu wa nyumba yake, akasimama kuchukua ndoo! Nikamshika mkono. Unadhani niliogopa? Woga ulikuja baadaye. Wakati ule nilichohisi ni hasira, kisha dharau tupu. Mtu amekufa, amezikwa, ameliwa na mchwa wa ardhi yetu, na bado neno la kwanza linalomtoka ni boyi! Mauti yenyewe hayakumfundisha kitu.

"Bwana," nikamwambia, "hapa ni Kisangani. Barafu iko mu frigo tu."

Akageuka. Kope zake zilikuwa nyeupe kwa barafu, na mdomo wa buluu. Hakuwa na chuki usoni. Ningependa awe nayo, ningemheshimu zaidi. Alikuwa na wasiwasi tu, ule wasiwasi mdogo wa mtu anayeogopea kitu chake.

"Itaganda leo," akasema. "Chuma itapasuka. Toa mayi."

Nilicheka, nikaweka mkono juu ya bati la gari ili nimwonyeshe lina joto. Mkono ukanata. Naapa kwa kaburi la baba yangu, ulinata kama ulimi wa mbuzi kwenye chumvi, na nilipouvuta ngozi ya vidole viwili ilibaki kwenye ile rangi ya maziwa. Vidole hivyo viwili havijahisi kitu tena tangu jioni ile, si moto wala maji.

Tonton aliufunga mkono wangu kwa kilemba chake. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama anayemtuliza mteja mgumu:

"Tutoe tu, mutoto ya dada. Mayi ni mayi. Asubui tunarudisha, gari inawaka, kila mutu anaenda kwake. Iko ubaya gani?"

Hakukuwa na ubaya. Hilo ndilo linalonikera hata sasa: jambo lilikuwa jepesi namna hiyo. Tonton akalala chini, akafungua vizibo, na maji yakatoka yakiwa na vipande vya barafu ndani yake, vinagongana ndoo nzima kama meno. Bwana Koti akashusha pumzi. Akaanza kufifia pembeni, kama picha inayolowa. Dakika chache zaidi na tungekuwa tumemaliza naye.

Mlango ukafunguliwa. Citoyen Litoko, amekuja kukagua.

Alikuwa na tochi na manukato. Mwanga wa tochi ukapita juu ya Tonton, juu yangu, juu ya ndoo, ukasimama juu ya Bwana Koti. Alimwona. Nakariri ili usije ukasema sikukuambia: alimwona. Na unajua alifanya nini kwanza? Mkono wake ulipanda wenyewe, ukavua kofia. Akasimama kofia kifuani, visigino pamoja, kama karani aliyeitwa ofisini. Kisha akakumbuka kwamba tupo, akairudisha kofia kichwani, na aibu yake ikageuka kelele.

"We mukoloni, toka! Hii gari iko yangu! Niko na karatasi ya Serikali!"

"Na karatasi," akauliza Bwana Koti, "haikukuambia kutoa mayi?"

"Saidi! Rudisha ile mayi ndani. Sasa hivi!"

"Citoyen, tungoje asubui. Ni kazi kidogo tu."

"Asubui mugeni anatua na miye niko nafungua vizibo? Rudisha! Nani anakulipa, miye ao huyu maiti?"

"Baridi iko kweli, Citoyen. Pumua uone."

"Baridi! Bon, sikia huyu. Baridi Kisangani! Unataka niambie watu wa Kinshasa kama Saidi alisikia baridi?"

Na alipokuwa anasema hayo meno yake yaligongana. Niliyasikia. Alisimama pale, kidevu kinatikisika, moshi unamtoka puani kama chungu, akituapia kwamba hakuna baridi. Nimesoma juu ya watu wanaokana Mungu; sijawahi kuona mtu anayeikana pua yake mwenyewe.

Tonton akarudisha maji. Alinitazama mara moja, jicho la mtu anayejifunga kamba shingoni kwa amri. Bwana Koti alifunga kifungo cha juu cha koti, akaingia kwenye kiti cha nyuma, akajikunyata. Citoyen akawa wa kwanza kuondoka. Alisema ana mkutano. Mkutano! Viatu vyake tulivisikia veranda nzima, vinakimbia kwa heshima. Nasi baridi ikatushinda, tukafunga garaji tukakaa nje.

Kabla ya jua kuchomoza kulisikika mlio mmoja, kama bunduki. Majirani walidhani ni askari. Tonton alifungua garaji, nami nikiwa nyuma yake, tukakuta chuma cha injini kimepasuka toka mwanzo hadi mwisho, na kwenye ule ufa barafu imechungulia, nyeupe, safi, kama ulimi wa anayekucheka. Nilikimbia kumwita Citoyen. Alivaa polepole, akapita kwanza kuwachukua watu wa usalama, na walipofika kulikuwa na dimbwi tu sakafuni, na joto la kawaida la Kisangani.

Mgeni alipita mjini amesimama kwenye lori la kubebea mbao. Tonton Saidi alipita mjini kwenye gari la watu wa usalama, katikati ya watu wawili, hakuangalia pembeni.

Nilikwenda ofisini kwao nikasema ukweli wote. Yule aliyenihoji alicheka hadi akafuta machozi. "Mwanafunzi, kaandike roman," akaniambia, "hii kichwa yako ni ya kuandika hadithi." Kisha akamgeukia Citoyen Litoko aliyekuwa ameketi hapo, kiti kizuri, mguu juu ya mguu.

"Citoyen, mu garaji kulikuwa nani?"

"Saidi na huyu mutoto ya dada yake."

"Hakuna mutu mwingine?"

Litoko alinitazama. Macho yetu yalikutana, nikaona anajua ninachokijua.

"Ningeona nani?" akasema. "Hakuna."

Tangu siku hiyo nimeacha kuwaogopa wafu.

Mama Zuhura, mke wa Tonton, alibeba chakula mpaka lango la gereza siku baada ya siku, na siku baada ya siku alirudi bila kujua kama kimeliwa na mumewe au na mlinzi. Siku moja akarudi na kilemba cha Tonton, alichoambiwa hakihitajiki tena. Hawakumweleza kwa nini. Aliketi sakafuni na kile kilemba mapajani, na watoto wakaanza kulia kabla ya kujua wanalilia nini. Niliondoka hapohapo kwenda kwa Litoko. Sikuwa na hoja. Nilikwenda kumpigia magoti, nakwambia wazi, mimi niliyekuwa namdharau kuliko mende.

Ilikuwa mchana, jua la kuchoma. Geti lilikuwa wazi, sebule tupu. Nikasikia sauti garajini, nikasukuma mlango, na baridi ikanipiga kifuani.

Citoyen Litoko alikuwa amepiga magoti chini ya gari. Skafu ya sufu shingoni, abakosti imelowa mafuta meusi. Anapaka girisi kwenye vyuma kwa kidole, mikono imevimba, pua inachuruzika. Nyuma yake, juu ya sanduku lililopinduliwa, ameketi Bwana Koti, amekunja mikono, anaangalia.

"Hapa pia, bwana?" Litoko akauliza.

"Hapa pia."

"Ndiyo, bwana. Na huku, bwana?"

Siku zile lilikuwa neno la marufuku. Hapakuwa na bwana wala mheshimiwa, wote ni citoyen, na ni yeye huyuhuyu aliyetufundisha uwanjani, kipaza sauti mkononi, kuitikia kwamba bwana amekufa. Sasa lilimtoka kwa ulaini kama mate ya mtoto. Na gari lenyewe lilikuwa bovu! Lisingekwenda tena hata hatua moja. Lakini mfu hakutaka liende. Alitaka lilale vizuri.

Litoko akaniona. Akatambaa kuja kwangu, hakusimama.

"Ndeko yangu, ndugu yangu, usiambie mutu. Ananisumbua. Nikiacha kazi, baridi inaingia mu mifupa, hata kitandani, hata mu jua. Usiambie mutu, nakuomba."

"Tonton atoke leo."

"Leo ni nguvu, ni ngumu, unajua, kuko wakubwa..."

"Leo. Ao kesho Chama nzima itajua Citoyen Litoko amekuwa boyi ya maiti."

Sasa sikiliza, maana nimeishi na jambo hili kwa miaka na bado linanichekesha kwa uchungu. Mtu yule hakunijibu mimi. Aligeuza shingo, akamtazama Bwana Koti, akaomba ruhusa.

"Kwenda," mfu akasema. "Rudi mbio."

Akaenda. Aliwaambia watu wa usalama kwamba ufa ulikuwa wa zamani, kwamba mkoloni aliuficha kwa rangi, kwamba yeye kama mwanachama mwaminifu amegundua. Wakampongeza. Kabla ya magharibi Tonton alitoka langoni, mwembamba kama uzi, mgonjwa wa kifua, lakini hai. Hakuniuliza nilifanyaje. Aliomba maji ya moto, akatawadha, akaswali rakaa zake zote zilizompita.

Nilikuwa nimeuza ukimya wangu, na nilipewa mtu kwa ajili yake. Niliutunza. Tonton alipona, akaendesha lori la njia ya Bafwasende kwa miaka mingi, akawaoza binti zake, na mwaka huu amefariki kitandani mwake, wanawe wote wakimshika miguu. Basi biashara yangu na Citoyen Litoko imekwisha, na mdomo wangu uko huru.

Yeye bado yuko pale pale. Kila inapokaribia Noeli anasema anaumwa, hapokei wageni, hata Kinshasa ikimwita haendi. Watu wanasema anafunga na kusali. Mimi najua anafanya nini.

Lakini amezeeka, na magoti yanamkatalia. Juzi kijana mmoja, mwalimu mpya kutoka Yangambi, alinijia kwa furaha: amepata nyumba mjini, veranda pana, karibu na mto, bila kodi, mradi tu asaidie "kuangalia gari kidogo". Nilimkalisha chini nikamsimulia kama ninavyokusimulia wewe. Sijui kama aliniamini. Vijana wanaotafuta nyumba huamini kuta tu. Sasa nakuambia na wewe. Raia mzee mwenye sauti nene akikufuata na ufunguo mkononi, akakuita mwanangu, akakuambia hataki hata senti, usishukuru na usiingie kutazama. Mrudishie ufunguo wake palepale, mbele ya watu, na umwache azeeke akiwa amepiga magoti.